Mwalimu wa sauti wa Nyali na kidole chake

Nilingoja hasira ishuke ndipo niandike. Haikushuka, basi naandika nayo.

Mimi huimba. Wikendi niko na bendi ya hoteli upande wa Bamburi, hapa Mombasa, na msimu wa harusi huitwa na kikundi cha taarabu cha mjini. Miaka kumi na kitu nakula kwa koo hili, kwa hivyo mtu asinambie sikujua nilichokwenda kutafuta. Nilitaka nota za juu, basi. Chini sauti yangu nzito, juu nyembamba, na hapo katikati ni kama mlango uliokwama: nikiusukuma, sauti inakatika. Shoga yangu ndiye aliyenielekeza kwa mwalimu mmoja aliyeko Nyali. Vipindi sita, pesa zote mbele kwa M-Pesa. Hapo tu ningeshtuka. Sikushtuka.

Kipindi cha kwanza sina neno. Aliniwekea gilasi ya maji na mrija, akaniambia niimbe kupitia mrija hadi maji yatoe mapovu. Nikaona mchezo wa watoto. Akanieleza kwamba mdomo ukibanwa hivyo, pumzi inarudi nyuma kidogo na zile nyuzi mbili za sauti zinakutana kwa upole. Ile nota iitwayo "la", wanayopimia vyombo, akasema, ukiiimba nyuzi zinakutana mara 440 kwa sekunde moja, na kitu kinachokwenda kasi hiyo hakitaki mabavu. Mabavu, neno lake mwenyewe. Lishikeni.

Kipindi cha pili simu yake ililia. Nilikuwa nimeshika nota, "iiii", karibu na pale mlangoni pangu. Akapokea. Bila kunitazama akaniinulia kidole kimoja: endelea, usiachie. Mimi nimeshika nota, yeye anauliza marumaru za choo zimeletwa boksi ngapi na kwa nini rangi si ile. Pumzi ikanishia, nikavuta nyingine, nikashika tena. Kidole bado kiko juu. Marumaru zikahesabiwa upya. Aliporudi hakusema samahani, alisema, "Umeshuka kidogo." Nimeshuka! Kinachoniuma si simu, kila mtu ana simu. Kinachoniuma ni kwamba nilivuta pumzi ya pili. Mtu mzima, mama wa watoto watatu, nimesimama pale naimbia choo cha mtu.

Basi nikarudi kipindi cha tatu, mjinga mimi. Akaniambia niimbe chochote changu. Nikatoa ubeti, nikaulegeza mwishoni kidogo puani kama tulivyozoea huku kwetu. Akacheka. "Hii, mamangu, ni sauti ya kuuzia nyanya Kongowea." Na mpiga kinanda wake, kijana ninayeweza kumzaa, akacheka naye.

Jibu nilikuwa nalo, ila lilinijia nishapanda tuktuk. Majibu yangu yote hunijia kwenye tuktuk. Siti binti Saad alikuwa akizunguka akinadi vyungu, na ni Siti huyo huyo aliyevuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Hiyo sauti ya kunadi ndiyo iliyompeleka.

Baada ya kicheko ikawa amri: "Toa kifuani! Panda nayo hivyo hivyo! Sukuma!" Yule yule wa maji na mrija. Nikasukuma, maana nilikuwa na hasira, na ukiimba kwa hasira koo lote linakaza. Nusu saa nzima nilipanda na sauti ya kifua mahali ambapo haikai. Nilitoka na mkwaruzo kooni, nikasema ni vumbi.

Jumamosi ilikuwa harusi Majengo, miezi ile ya harusi nyingi kabla ya Ramadhani. Ubeti wa tatu, akina mama washasimama, noti ziko mkononi, wanakuja kutuza. Nikafungua mdomo, ikatoka pumzi tupu, kama baiskeli iliyotoboka. Msichana wetu wa kuitikia akaudaka ubeti, akaumaliza vizuri tu, Mungu ambariki. Zile noti zikanipita zikaenda kwake. Nilipiga makofi.

Daktari wa masikio, pua na koo alinipitisha kamera nyembamba puani. Nyuzi nyekundu, zimevimba. Si vinundu, alhamdulillahi. Ninyamaze wiki nzima, na kunong'ona pia nisinong'one, kwani nako kunazichosha. Tangawizi na asali nilizokuwa nikinywa kutwa hazifiki kwenye nyuzi zenyewe: ukimeza, kinakwenda njia nyingine, na kikipotea kikaingia huko umepaliwa. Wiki hiyo niliishi kwa kalamu na daftari. Watoto waliifurahia mno.

Mwalimu nilimtumia ujumbe. Hakuuliza hali. Alinijibu kwa karatasi ya mkataba, eti ushauri wa kazi: yeye asilimia 30 ya kila ninachopata kwa miaka mitano, hata zile kazi za hoteli nilizozitafuta mwenyewe kabla sijamjua. Na chama cha haki za sisi waimbaji, hata hakuniuliza kama nimejisajili nacho. Mshauri huyo.

Lakini nisiwe mwongo. Ijumaa ya kuamkia harusi ile niliimba hotelini hadi saa saba usiku, eisi inanipuliza usoni, spika ya kujisikilizia imekufa, nikawa napiga kelele nijisikie. Daktari alianza na hilo kabla sijamtaja mwalimu. Kwa hivyo nusu ya lawama ni yangu. Robo. Tuseme robo.

Na kuna huu mrija. Nilipoanza kuimba tena sikuthubutu kitu kingine. Kila asubuhi gilasi, maji, mapovu. Mirija ya karatasi inalowa ikalegea kabla sijamaliza, basi huwa naomba kwa muuza madafu wa Lights, kule ufukweni, ananipa ile migumu na kuniuliza nanywa nini. Juzi nikiwa jikoni nikaondoa mrija, nikapanda taratibu, na ule mlango ukafunguka. Haukugongwa, ulifunguka tu. Nikaketi kwenye ndoo. Kisha nikakasirika upya, maana ni yeye aliyenifundisha.

Nilikuwa nimempa nyota moja, nimeifanya mbili. Nikimkumbuka na marumaru zake natamani kuzichukua nyota zote. Nikiimba natamani kuongeza. Ziwe mbili.

Vipindi vitatu bado namdai. Wiki hii kaniuliza nitakuja lini. Nitakwenda, pesa yangu haitalala kwake. Mrija nitabeba wangu, na simu ikilia nota naiachia pale pale.