Casio VL-1 au SK-1?

Vyote ni vinanda vidogo vya betri vilivyopendwa sana miaka ya 1980. VL-1 ina vibonye 29 kama vya kikokotoo, na kweli inapiga hesabu. Hutoa noti moja tu kwa wakati, ila hukumbuka wimbo wa hadi noti 100, na sauti yako mwenyewe unaiunda kwa kuingiza tarakimu.

SK-1 ina vibao 32 vyembamba na hupiga noti nne pamoja. Raha yake kubwa ni maikrofoni: rekodi mluzi au mlio wa sufuria kwa takriban sekunde 1.4, kisha uupige kama muziki. Ukiizima, sauti hiyo inapotea. Hata hivyo, kwa mtunzi wa nyumbani ningechagua SK-1.