The Devil Rides Out au Night of the Demon: uanze na ipi?

Ubishi huu hauishi kwa wapenzi wa filamu za kutisha za Uingereza. Zote mbili zinahusu kupambana na kundi la wachawi linaloongozwa na bwana mstaarabu.

Kwa hofu inayopanda polepole, Night of the Demon (1957) ya Jacques Tourneur haina mpinzani. Haina rangi, na kinachotisha ni kipande cha karatasi chenye maandishi ya kale: ukikabidhiwa, umrudishie mwenyewe kabla siku yako haijafika, la sivyo jini linakuja kukuua. Kiongozi wa wachawi, Karswell, anawachezea watoto mazingaombwe akiwa amejipodoa kama mchekeshaji, kisha anaita dhoruba.

The Devil Rides Out (1968) ya Terence Fisher ina rangi na haina subira. Christopher Lee, tuliyemzoea kama Dracula, safari hii anapigania wema, na nampenda zaidi hapa. Watu wanne wanakesha ndani ya duara la chaki, huku buibui mkubwa na Malaika wa Mauti juu ya farasi wakiwajia. Utashika pumzi.

Kwa ujanja wa kamera, zote zimezeeka. Buibui anaonekana amebandikwa, na lile jini la Tourneur lilioneshwa waziwazi kwa shinikizo la mtayarishaji.

Ukiwa peke yako usiku, chukua ya Tourneur, ila epuka toleo la Marekani lililokatwa, Curse of the Demon. Sebule ikijaa wenzako wanaotaka vita, weka ya Fisher.