Jezi ya BURROW 7 ya mtumba Mwanjelwa, elfu tisa tu

Wakuu habari za baridi, hii ni rivyuu ya jezi pamoja na kibanda nilikoinunua maana pale kijiweni nimeulizwa na kila mtu mpaka nimechoka. Mi ni bodaboda hapa Mbeya, na kama umewahi kupandisha Uyole saa kumi na moja alfajiri mwezi wa saba unaujua ule upepo, haubishi hodi. Zipu ya koti langu ilishakufa kwahiyo nikaenda Mwanjelwa kutafuta kitu kizito cha kuvaa ndani.

Kule nyuma kwenye mitumba kuna dogo anauza jezi tupu. Nikakuta moja ya bluu ina njano, kitambaa kigumu hasa, kifuani kifaru, mgongoni BURROW 7. Dogo akaniapia haki ya Mungu hii ni Leeds ya mpira, nikamuuliza Leeds gani ina kifaru dogo, akacheka akasema braza we chukua. Alianza elfu kumi na tano tukamalizana elfu tisa.

Usiku nikagugo. Kumbe ni Leeds Rhinos, timu ya ragbi ligi, na hiyo sio ile ragbi ya Wakenya tunayoionaga kwenye TV. Hii wanacheza 13 kila upande, mkikabwa mara sita mpira unaenda kwa wenzenu. Ilianza 1895 pale Huddersfield, klabu za kaskazini mwa Uingereza zilijitoa kwa sababu wachezaji wao walikuwa watu wa migodini na viwandani na walitaka kufidiwa siku waliyokosa kazi ili wacheze, wakubwa wakakataa. Hapo nikaelewa kabisa, usipotoka barabarani hesabu ya bosi haikusubiri.

Sasa huyo Rob Burrow mwenyewe ndo kanimaliza. Jezi niliyonunua ni XL, jamaa alikuwa na urefu wa mita 1.65! Walimwita mchezaji mdogo kuliko wote kwenye Super League, yaani ligi kuu ya ragbi ligi kule Uingereza, na anaokabana nao ni mabaunsa wa kilo mia na kitu. Alianza Leeds 2001 akaishia hapohapo Leeds 2017, hajawahi kuhama, mechi zaidi ya 490 na ubingwa mara 8. Tafuteni ile fainali ya Super League ya 2011 pale Old Trafford, Leeds walimaliza ligi nafasi ya tano hakuna aliyewategemea, yeye kaanzia benchi, kaingia akapenya katikati ya wapinzani wao St Helens kama bodaboda kwenye foleni ya Mafiati, akainama chini ya mkono wa mtu huyoo mpaka mwisho. Wakashinda 32 kwa 16 na akabeba tuzo ya mchezaji bora wa fainali, ya pili hiyo, ya kwanza alichukua 2007. Nimeirudia mpaka bando likaisha.

Ila mwisho wake unauma. Desemba 2019, miaka miwili tu baada ya kustaafu, akaambiwa ana motor neurone, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, unaanza kushindwa kutembea na kuongea huku akili iko sawa tu. Akafariki Juni 2024 ana miaka 41. Kapteni wake wa zamani Kevin Sinfield alikimbia marathoni 7 kwa siku 7 mwaka 2020, saba kwa sababu ya hiyo namba iliyoko mgongoni kwangu, zikapatikana zaidi ya paundi milioni 2 za kusaidia wagonjwa. Halafu 2023 kwenye marathoni ya Leeds akamsukuma Burrow kwenye kitimwendo njia nzima, walipofika mwisho akambeba mikononi wakavuka mstari. Mi mwanaume mzima nililia, mke wangu akadhani nimefiwa.

Turudi kwenye jezi. Imefuliwa mara nane, rangi haijashuka, maandishi hayajabanduka, na kwa vile imeshonwa kwa ajili ya watu wa kuvutana hata nyuzi za bega ziko vilevile. Ukivaa chini ya koti baridi hupati, ila mchana ukishuka Tukuyu ivue utachemka. Naipa 9 kati ya 10.

Kibanda nakipa 6. Bei zinaongeleka na dogo hana makuu, ila nilichukua na nyingine ya mwanangu nikafika nyumbani kwapa limefumuka, kurudisha akagoma kabisa, eti mtumba ukishavuka barabara ni wako. Kagueni palepale, geuzeni ndani nje. Nendeni asubuhi belo likifunguliwa, saa nne mafundi jezi washazoa zote.

Nimemwambia akiona ya SINFIELD 13 aifiche, nitampa hata hiyo kumi na tano yake bila kubishana.