Testa ya cheche yenye pengo la kurekebisha: uzoefu wangu kwenye pikapu isiyotoa moto

Pikapu yangu ni ya zamani: petroli, kabureta, distributa (inayogawa umeme kwa kila plagi) na koili moja (inayopandisha volti za betri ili cheche iruke). Ilianza kwa kuzimika bila kuaga, kisha ikagoma kabisa. Ukipiga starta injini inazunguka vizuri, betri ina nguvu, petroli inafika, lakini hata kukohoa haikohoi. Ndipo nikanunua testa hii ya kupima moto, yaani cheche ya plagi, na sasa nimeitumia vya kutosha kuisemea.

Yenyewe ni kitu kidogo. Kibomba cha plastiki, ndani pini mbili zinazotazamana, skrubu ya kusogeza pini moja, alama za milimita ubavuni na waya wenye klipu ya kubana kwenye chuma cha injini. Haina betri wala taa. Zipo zile zenye kitaa zinazopachikwa kati ya waya na plagi, binafsi sizitaki. Kitaa kinaweza kumeremeta hata moto ukiwa hafifu, nawe ukaanza kuhangaika na kabureta isiyo na kosa.

Uzuri wa hii uko kwenye lile pengo. Plagi nyingi huwa na pengo la kama milimita 0.8 hadi 1.1. Mafundi wengi huichomoa, wakaiegemeza kwenye chuma na kuangalia kama inachoma. Tatizo ni kwamba nje hakuna mgandamizo, kwa hiyo cheche inaruka kirahisi. Ndani ya silinda mchanganyiko umebanwa, na umeme unadai volti nyingi zaidi kuvuka pengo lile lile. Koili iliyochoka inaweza kukuonyesha moto hapo nje, halafu ikashindwa kazi ndani. Ukifungua pini za testa hadi milimita 6 au zaidi, koili inalazimika kuonyesha nguvu yake halisi. Mifumo mingi ya elektroniki iliyo mizima huvuka hata milimita 10. Cheche ya kuaminika ni nyeupe yenye ubuluu, na unaisikia ikipasuka. Ikiwa nyembamba na ya rangi ya chungwa, usiihesabu.

Nilianza kwa kuichomeka kwenye waya wa plagi: hakuna kitu. Nikahamia kwenye waya mkuu utokao kwenye koili: pia hakuna. Hatua hiyo ya pili ndiyo iliyolipa gharama ya testa. Kama moto ungekuwepo kwenye koili na kukosekana kwenye plagi, mshukiwa angekuwa kifuniko cha distributa, ile kaboni yake ya katikati, au rota (kile kipande kinachozunguka chini ya kifuniko) iliyotoboka. Mimi nilikuwa tayari nimeshawishiwa kununua kifuniko, rota na seti nzima ya waya. Vyote hivyo havikuwa na hatia.

Lakini testa hii inakomea hapo. Inakwambia moto upo au haupo. Haikwambii nani kaukata. Nilichukua taa ya kawaida ya kupimia ya volti 12, nikabana waya wake kwenye chuma cha injini. Swichi ikiwa imewashwa, upande chanya wa koili taa iliwaka, maana yake umeme unafika. Nikaihamishia upande hasi, mwenzangu akapiga starta. Hapo taa inatakiwa iwe inawaka na kuzimika kadiri injini inavyozunguka. Yangu iliwaka vilevile tu, imetulia. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa anafungua na kukata umeme wa koili: kosa lilikuwa ama kwenye moduli ya elektroniki (swichi inayofanya kazi hiyo), au kwenye sensa iliyo ndani ya distributa inayoiamuru.

Nikapima sensa kwa mita. Usomaji ukawa sawa kabisa na kitabu cha gari. Wengi wangeishia hapo wakanunua moduli, ambayo bei yake si ndogo. Mimi nilichomoa mpira wa vakyumu (ule unaovuta sahani iliyobeba sensa ndani ya distributa) na kuunyonya kwa mdomo huku mita imeunganishwa. Sahani ya distributa ikajongea, waya wa sensa ukakunjika kidogo, na mita ikaonyesha mzunguko umekatika. Nikiachia, unarudi. Nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika ndani ya ganda, kwa nje waya mzima kabisa. Sahani ile husogea mara kwa mara gari likiwa njiani, na waya huo hukunjwa kila inaposogea.

Malalamiko yangu? Klipu ina springi dhaifu, na ukiibana juu ya rangi au kutu utapata jibu la uongo; kwangura chuma kwanza. Alama za milimita zinafutika kwa grisi. Kubwa zaidi ni karatasi ya maelekezo, haionyi mambo mawili. Moja, kwenye mfumo wa elektroniki usiuache waya wa koili ukining'inia wakati wa kupiga starta, kwa sababu volti hizo zitatafuta njia nyingine na zinaweza kuunguza moduli. Pili, cheche inarukia nje, hivyo kama kabureta inavuja petroli, usiiguse swichi mpaka uvujaji uishe.

Kwa magari ya koili moja na distributa, inunue bila wasiwasi. Kama gari lako lina koili juu ya kila plagi, tafuta yenye waya wa kuunganishia, maana hii haitaingia mle.