Mfuko wa viatu umeyashinda maboksi yote: vitu vya bei nafuu vya kutunzia midoli, kimoja kimoja

Nianze na jibu kabisa kwa wenye haraka. Kama hela yako inatosha kitu kimoja tu cha kupangia midoli ya watoto, chukua ule mfuko wa viatu wa kuning'iniza nyuma ya mlango, wenye vijifuko vingi vya plastiki inayoonyesha. Usikimbilie kasha kubwa. Najua kasha linavutia, unaona litameza kila kitu, unafunga mfuniko na sebule inapumua, lakini humo ndo midoli inapoenda kupotelea, maana mtoto akitaka kigari kilicho chini lazima amwage vyote sakafuni ndo akipate, na akishamwaga harudishi, kesho unaanza upya.

Vitu hivi vyote vimepita nyumbani kwangu, na nina watoto wawili, mkubwa anasoma na mdogo bado yuko kwenye ile hatua ya kuweka kila kitu mdomoni. Kwa hiyo mimi nikipima kitu naangalia kama mtoto anaona kilichomo, kama anaweza kutoa na kurudisha mwenyewe bila kuita mtu, na kama kikimwangukia kitamuumiza. Rangi na urembo vinakuja nyuma kabisa.

Tuje kwenye huo mfuko. Mingi ina vijifuko 24, safu sita za vinne vinne, na kulabu za chuma za kupachika juu ya mlango. Kila kijifuko kimepimwa kwa kiatu kimoja cha mtu mzima, na hiyo saizi inaingia vizuri sana na midoli midogo: magari kadhaa hapa, wanyama wa plastiki pale, kalamu za rangi, karata, nguo za mwanasesere, mwanasesere mwenyewe kichwa nje. Mtoto anaona kila kitu bila kugusa, na cha maana zaidi, kila kitu kina nyumba yake, ukimwambia rudisha magari anajua ni wapi. Kwenye kasha hakuna "wapi", ni kutupia tu.

Ila mifuko hii haifanani, na tofauti iko kwenye mshono. Kabla hujalipa ingiza vidole viwili kwenye kijifuko cha pembeni, vuta taratibu kwa nje, angalia pale mdomo wa kijifuko unapokutana na kitambaa cha nyuma. Mfuko dhaifu umeshonwa uzi juu ya plastiki tupu, na yale matundu ya sindano yanafanya plastiki ichanike kwa mstari kama stempu, mtoto akivuta mara chache tu kijifuko kinaachia upande mmoja. Mfuko imara una ukanda wa kitambaa umezungushwa kwenye mdomo na kwenye kona, mshono umepita juu ya huo ukanda. Wa kwanza niliokuwa nao ulikuwa wa aina ya kwanza, plastiki yenyewe ilikuwa ngumu inalia ukiikunja, na kona zote za chini zilichanika wakati vijifuko vya juu bado vizima. Huu wa sasa una ukanda na unadunda mpaka leo, kwa matumizi ya kila siku ya watoto wasio na huruma.

Urefu nao tumia vizuri. Ukiuning'iniza mlangoni, safu za chini ndo za mdogo, weka vitu vikubwa vikubwa na laini, safu za juu weka vya mkubwa vyenye vipande vidogo. Hapo umewatenganishia mali zao bila ugomvi. Kama watoto wako wote ni wafupi, kata mfuko katikati kati ya safu na safu, nyuma ni kitambaa kizima kwa hiyo unapinda ukingo unashona, unapata mifuko miwili mifupi ya kuning'iniza ukutani usawa wa mikono yao. Usiweke matofali ya mbao wala magari mengi ya chuma, uzito unapinda kulabu na mlango unagoma kufunga. Na kulabu zinakwaruza rangi ya mlango, weka kipande cha kitambaa chini yake mapema.

Hapa niseme jambo la vipande vidogo maana ni muhimu kuliko mpangilio wenyewe. Marekani wana kipimo cha silinda yenye upana wa milimita 31.7, kichezeo chochote kinachoingia mzima mle ndani hakiruhusiwi kwa mtoto wa chini ya miaka 3, kwa sababu kinaweza kumkaba. Nyumbani tumia kile kigogo cha karatasi kinachobaki toilet paper ikiisha. Ni kipana kidogo kuliko hicho kipimo, ambayo ni nzuri tu, unakuwa mkali zaidi. Kikipita humo, kinapanda juu. Vyenye sumaku ndogo na vyenye betri za vidonge, zile bapa kama kifungo, hivyo wala si vya mlangoni, ni vya kabati la juu linalofungwa, maana betri ya kidonge ikikwama kwenye koo la chakula inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2. Kila midoli yenye betri hizo hakikisha kifuniko chake kina skrubu, na ujaribu kwa kucha kama kinafunguka.

Namba mbili kwangu ni mkeka-mfuko, sijui mnakoishi mnauitaje, ni kitambaa cha duara chenye kamba ukingoni, ukiutandaza ni mkeka, ukivuta kamba unakuwa gunia. Huu umetengenezwa kwa ajili ya Lego na vijitu vya kuunganisha, na kwa kazi hiyo hauna mpinzani. Tatizo la matofali ya Lego siku zote ni moja, mtoto anatafuta kipande kimoja chekundu, anachimba, anashindwa, anamwaga. Sasa huku tayari vimemwagwa, vimetandazika, anaviona vyote, anajenga hapohapo juu ya kitambaa, akimaliza anavuta kamba vimekusanyika vyenyewe. Mkubwa wangu anafunga bila kuambiwa, kwa sababu hata kufunga kwenyewe kunamfurahisha.

Unaweza kuununua, lakini kama unataka kubana hela shona mwenyewe: shuka la zamani, kata duara la upana kama mita moja na nusu, pinda ukingo uache njia ya kamba, pitisha kamba, kwisha. Chagua kitambaa kinachoteleza kidogo kama nailoni kama unacho, pamba inakusanya vumbi na vipande vidogo vinang'ang'ania kwenye nyuzi. Kitu cha kuangalia ni hiyo kamba. Ni ndefu, na kamba ndefu na mtoto mdogo haviachwi pamoja chumbani, shingo ni kitu cha sekunde. Ukimaliza ning'iniza gunia juu, kamba iwe juu pia, usiliache sakafuni.

Maboksi ya plastiki yenye mfuniko, haya kila mtu anayo, na ni mazuri ila si kwa kazi ambayo watu wengi wanayapa. Vile vishikizo vya pembeni vya kubana mfuniko ni vigumu kwa vidole vya mtoto, kwa hiyo boksi lililofungwa kwa mtoto ni boksi ambalo halipo. Tena vishikizo ndo vinavyokatika kwanza. Geuza boksi uangalie namba ndani ya pembetatu chini, ndo inayosema ni plastiki ya aina gani: namba 5 ni polipropilini, inakubali kupinda, kishikizo kinaweza kufunguliwa na kufungwa muda mrefu. Namba 6 ni polistirini, inang'aa kama kioo, inapendeza dukani, lakini ikidondoka inapasuka na kuacha ncha kali. Nina boksi moja la namna hiyo lilipasuka kona kwa kudondoka kutoka kitandani tu. Sinunui tena hiyo namba kwa ajili ya watoto, hata liwe zuri vipi.

Kazi halisi ya boksi lenye mfuniko ni kuficha. Nusu ya midoli iingie humo, juu ya kabati au chini ya kitanda chako, na baada ya muda unabadilisha, hii inatoka ile inaingia. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo kule Marekani uliotoka mwaka 2018, walichukua watoto 36 wa umri wa kutembea-tembea wakawaachia wacheze, mara na midoli 4, mara na midoli 16. Wakiwa na 4 walikaa na kichezeo kimoja muda mrefu zaidi na walikichezea kwa namna nyingi zaidi. Wazazi wenzangu hii kwangu ndo njia rahisi kuliko zote kwa sababu haina gharama, hujanunua kitu, umepunguza tu kilicho mbele ya macho, na midoli ya zamani ikitoka boksini inapokewa kwa shangwe kama mipya.

Zile boksi za kitambaa za kukunja, za mraba, nitasema kwa kifupi. Ni nyepesi, hazimuumizi mtu, zinakunjika. Lakini huoni ndani, na ubao wa karatasi uliopo kwenye kuta zake ukishalowa mara moja basi, boksi linalala. Ukiwa nazo tayari, bandika picha mbele, si maandishi, picha: piga picha magari, chapisha au chora, bandika. Mtoto asiyejua kusoma anafuata picha vizuri kabisa.

Mabeseni ya kawaida na ndoo zisizo na mfuniko hakuna anayeyasifia, na mimi nayasifia. Beseni lisilo na kina kirefu, kina cha kiganja hivi, mtoto anaona vyote, anakokota anakotaka, linaoshwa kwa maji na sabuni. Boksi za viatu nazo ni bure, kata mfuniko, zungushia selotepu pana kwenye kingo ili zisichakae, zinafaa kugawanya ndani ya droo au juu ya rafu. Udhaifu wake ni unyevu na wadudu, kwenye chumba chenye unyevu karatasi inavuta harufu na mende wanaipenda, hivyo huko tumia makopo ya plastiki.

Sasa kasha kubwa la mbao lenye bawaba. Hili silipendekezi na sababu siyo fujo peke yake. Watoto wameshafariki kwa mifuniko ya makasha kuwaangukia kichwani au shingoni, na wengine waliingia ndani kujificha wakakosa hewa. Ndo maana viwango vya usalama wa midoli vya Marekani vinataka mfuniko wa kasha uwe na kishikizo kinachouzuia kuanguka popote unapouachia, na kasha liwe na matundu ya hewa. Sasa haya ya bei rahisi na yale ya kurithi mengi hayana hivyo. Kama lipo nyumbani, fungua skrubu za bawaba utoe mfuniko moja kwa moja, tumia kama boksi la wazi la mipira na vitu vikubwa. Dakika chache na bisibisi, basi.

Rafu fupi ya wazi ni nzuri kuliko kasha mara kumi, na wazo lenyewe la zamani sana, shule ya kwanza ya Maria Montessori, yule daktari na mwalimu wa Kiitaliano, kule Roma ilifunguliwa mwaka 1907 na mpaka leo madarasa yake yanatambulika kwa rafu fupi za wazi ambazo mtoto anajichukulia na kurudisha. Mbao mbili tatu na matofali au kreti zilizopangwa zinatosha, lakini chochote utakachosimamisha kifunge ukutani. Watoto wanapanda. Juni 2016 IKEA, ile kampuni ya samani, waliitisha zirudishwe kabati za droo kama milioni 29 kwa Marekani peke yake baada ya vifo vya watoto walioangukiwa, na kosa lilikuwa ni kutosimama imara zisipofungwa ukutani. Kwa hiyo vyuma viwili vya pembe, skrubu, ukuta. Vizito chini, vyepesi juu, na usiweke juu kabisa kitu ambacho mtoto anakitamani, maana ndo unampa sababu ya kupanda.

Midoli ya manyoya nimeiacha mwisho kwa sababu ndo inayokula nafasi kuliko zote na kusafishwa kwa shida. Neti ya kona, ile ya pembetatu inayofungwa kwenye kuta mbili, inabeba mingi na haitumii sakafu hata kidogo, ila mtoto hafikii, kwa hiyo weka ile ambayo haichezewi sana na anayolala nayo ibaki kitandani. Kabla ya kuipandisha ifue, maji ya nyuzi joto 60 za Selsiasi yanaua wadudu wa vumbi wanaosumbua watoto wenye pumu na mafua ya mara kwa mara. Isiyovumilia maji ya moto ifunge kwenye mfuko uiweke friza siku moja au mbili, af uifue kwa maji ya kawaida kuondoa masalia, ikauke kabisa mpaka katikati, bonyeza tumbo la mdoli usikie kama pamba ya ndani bado ina ubaridi, ikiwa bado irudi juani.