KEF LS50 Meta ndani ya chumba cha boriti: uzoefu wangu

Spika hizi nazitumia nyumbani, Malindi hapa Unguja, na kazi yake kubwa ni taarab. Wengi wananiuliza vipi visanduku viwili vidogo namna hii vifike dola 1,500, bei iliyotangazwa Marekani zilipotoka mwaka 2020. Nauli na ushuru mpaka bandarini ni hesabu nyengine. Mimi nasema zinastahiki, ila si kwa sababu wanazozitaja wauzaji.

Tuanze na chumba. Nyumba za Mji Mkongwe upana wake unaamuliwa na boriti, na mkoko haurefuki utakavyo, kwa hivyo vyumba ni virefu na vyembamba. Changu kina kama mita 3 ukuta kwa ukuta. Ukuta wenyewe ni mawe na chokaa, sauti kali ikigonga pale inarudi vile vile, tena haraka. Isitoshe, kwetu hakuna kiti kimoja cha katikati cha bwana mkubwa. Wageni wanajipanga ubavuni kwenye mikeka na mito, kila mtu na pembe yake. Spika inayosikika vizuri kwa aliyekaa mbele yake tu haitufai.

Hapo ndipo utafiti ulipolipa. Katika miaka ya 1980, mtafiti wa sauti Floyd Toole, akiwa kwenye Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, alikuwa akizipima spika katika chumba kisicho na mwangwi, kisha anawasikilizisha watu bila ya wao kuziona. Ikadhihirika kwamba mtu asiyejua anasikiliza spika gani kwa kawaida huipenda ile ambayo sauti yake ya mbele imenyooka, yaani haipandishi noti moja ikaidhoofisha nyengine, na ya pembeni inafanana nayo. Mwaka 1988 KEF, kampuni ya Uingereza, wakatoa mtindo wao wa Uni-Q: twita, yaani kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, imekaa katikati ya koni ya sauti nene, zote mbili zinatoka pahali pamoja, na aliyekaa pembeni anasikia karibu sawa na wa mbele. Sumaku za neodimiamu, zenye nguvu kubwa kwa umbo dogo, ndizo zilizowezesha twita kuenea pale.

Kuna Maalim mmoja jirani yetu, mpiga ganuni, alikaa karibu na mlango, mahali pabaya kuliko pote. Ganuni kila noti ina nyuzi tatu, na kwenye spika zangu za zamani ukisogea pembeni zinakuwa uzi mmoja mzito. Maalim akainamisha kichwa, akasema, "Mwanangu, uzi nausikia unavyokwaruzwa kabla haujalia." Sikuhitaji ushahidi mwengine.

Hiyo "Meta" ni kisahani kilichofichwa nyuma ya twita, kina vijia vilivyojipinda, kila kimoja kimepimwa kumeza mawimbi ya aina yake. Kiwanda kinasema kinameza asilimia 99 ya sauti inayotoka nyuma ya twita. Faida yake naiona kwenye fidla: zikipanda juu hazichomi masikio.

Besi ni kisa chengine. Kwa vipimo vya kiwanda chenyewe spika hizi zinashuka vizuri mpaka hezi 79, yaani mitikisiko 79 kwa sekunde (ikipungua, sauti inazidi kuwa nene), na uzi mnene wa dabal besi uko kwenye 41 hivi. Sasa chumba nacho kina noti yake. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya upana wa mita 3, unapata hezi 57. Mlango wangu uko kwenye kona, spika moja imebanwa na ukuta kuliko mwenzake, basi noti ile ikipigwa inavuma, na aliyeegemea ukuta ndiye anayeisikia zaidi. Hapo mhandisi wa Uingereza hana lake, ukuta ni wa babu. Nimezivuta spika kutoka ukuta wa nyuma na kuziba matundu yao ya nyuma yanayotoa besi kwa vizibo vya sponji vilivyomo kwenye boksi. Uvumi umepungua, haujesha.

Muuzaji mmoja alinikopesha waya wa spika wenye bei ya kutisha, eti utafungua sauti. Tukatundika kanga mbele, shemeji akawa anabadilisha waya kwa nyuma, sisi tunaandika kila mtu kwenye karatasi yake. Hakuna aliyepatia, na Maalim alikuwemo. Mwaka 1994 Toole na mtafiti mwenzake Sean Olive walichapisha jaribio ambalo hata wasikilizaji wazoefu walibadilisha alama zao walipoziona spika kwa macho. Waya niliurudisha kesho yake, na fedha zile nikanunua zulia zito, ambalo kila aliyeingia alilisikia.

Amplifaya iwe na nguvu, maana spika hizi ni nzito kuamka, kwa umeme mdogo wa kupimia zinatoa desibeli 85 tu za ukubwa wa sauti, na umeme wetu unataka stebilaiza. Kuhusu hewa ya bahari sina wasiwasi sana: ukingo wa koni ni mpira. Zile za zamani zilikuwa na sponji, unyevu ukaila mpaka ikawa unga.

Ikiwa bei imekushinda, tafuta LS50 za mwanzo, za mwaka 2012, zilizotumika. Kisahani hazina, lakini Uni-Q ipo. Kabla hujatoa pesa, mulika twita kwa tochi ya simu, maana watoto hawawezi kuiona bila ya kuibonyeza.