Uzamili wa Uchumi Nairobi: Uzoefu Wangu, Kutoka Hisabati Hadi Tasnifu

Nimemaliza shahada ya uzamili ya uchumi katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi, nikifanya kazi mchana na kusoma jioni. Watu wananiuliza kama inastahili karo yake na usingizi unaokatwa. Ndiyo, inastahili, kwa mtu anayetaka kujua jambo linathibitishwaje kwa takwimu. Anayetaka cheti cha kupanda cheo tu atateseka bure, na ziko kozi nyingine zitakazomfikisha huko bila kulala na milinganyo.

Nianze na hisabati, maana ndiyo inayowatoa watu darasani. Muhula wa kwanza una uchumi mdogo, yaani maamuzi ya mnunuzi na ya kampuni moja moja. Uchumi mpana, yaani hali ya nchi nzima. Na hisabati ya wanauchumi. Shahada ya kwanza ilitufundisha kuchora mistari ya mahitaji na ugavi. Huku mstari unachorwa mara moja, kisha ubao unajaa milinganyo: njia ya Lagrange ya kutafuta chaguo bora chini ya bajeti, matriki, uwezekano. Darasani kwetu walikuwemo maafisa wa benki, wafanyakazi wa wizara na kaunti, na walimu wa sekondari. Walioenda mbele haraka walikuwa walimu wa hisabati, hata wale waliokuwa na uchumi kidogo sana. Mmoja wao alikuwa akikaa nasi maktabani kabla ya kipindi cha saa kumi na moja na nusu, anatuuliza, "Hapo mmeelewa au mmekariri?" Ukimpata mtu wa aina hiyo, kaa karibu naye. Na kama una miezi kadhaa kabla ya kujiunga, itumie kurudia kalkulasi na matriki. Uchumi wenyewe utaukuta njiani.

Halafu ikaja ekonometria, yaani kupima mambo ya uchumi kwa takwimu, na hapo ndipo nilipoanza kuipenda kozi hii kwa moyo wote. Faida ya kuisoma Nairobi ni kwamba mifano iko nje ya dirisha. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na mwaka 2016 Tavneet Suri na William Jack walichapisha katika jarida la Science makadirio kwamba huduma hiyo iliziinua familia zipatazo 194,000, yaani asilimia 2 ya familia za Kenya, kutoka katika umaskini. Kila Mkenya anajua M-Pesa imesaidia. Mhadhiri wetu alitaka tueleze unajuaje kwamba ni M-Pesa iliyosaidia, ilhali mawakala huenda walifungua vibanda mahali palipokuwa tayari panaanza kupata pesa. Tulibishana hadi mlinzi akaja kutaka kufunga chumba. Tangu siku hiyo siwezi kusoma habari ya gazetini inayosema mradi fulani "umebadilisha maisha" bila kuuliza watu hao wangekuwaje bila huo mradi.

Tasnifu yangu ilitokana na swali la aina hiyohiyo. Septemba 2016 sheria ya kudhibiti riba ilianza kutumika: benki haikuruhusiwa kutoza zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Lengo lilikuwa kumsaidia mkopaji mdogo. Lakini mwenye duka asiye na hati ya mshahara wala shamba la kuweka dhamana ni hatari zaidi kwa benki, na benki ikizuiwa kuitoza hatari hiyo, inaona heri kununua hati fungani za serikali. Sheria iliondolewa Novemba 2019. Nilitaka kujua ni nani hasa aliyekosa mkopo katika kipindi hicho.

Data nilizipata bila kulipa hata shilingi. Utafiti wa FinAccess, unaouliza watu wanavyotumia huduma za fedha na unaofanywa na Benki Kuu, KNBS (shirika la takwimu la taifa) na FSD Kenya (shirika la kukuza huduma za fedha), ulianza mwaka 2006, wakati asilimia 26.7 tu ya watu wazima walikuwa wakitumia huduma rasmi za fedha. Kufikia 2021 walikuwa asilimia 83.7. Awamu ya 2016 ilikusanywa kabla ya sheria, na ya 2019 sheria ikiwa bado inafanya kazi. Nilidhani kazi imekwisha nusu. Msimamizi wangu akasoma ukurasa wa kwanza akauliza, "Unalinganisha na nani?" Sheria ilizigusa benki zote siku moja, kwa hiyo hakuna kaunti iliyobaki nje ya sheria ili nilinganishe nayo. Nikageukia mikopo ya sacco, yaani vyama vya akiba na mikopo, ambazo hazikubanwa na sheria hiyo. Hata hapo kuna tatizo, kwa kuwa miaka hiyohiyo mikopo ya simu ilikuwa imeshika kasi, na mtu aliyekataliwa na benki aliweza kukopa akiwa kwenye matatu. Sura nzima ya tasnifu inaeleza kwa nini matokeo yangu yasomwe kwa tahadhari. Ndiyo sura ninayojivunia kuliko zote.

Sasa lawama, nazo ni nzito. Rasimu ilikaa mezani kwa msimamizi hadi muhula ukaisha, na chuo kikanidai ada ya muhula uliofuata kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa. Msimamizi mwenyewe ni mtu mwema na mwerevu, ila amerundikiwa wanafunzi kupita kiasi. Idara inayopokea darasa kubwa bila kuongeza wahadhiri inamlipisha mwanafunzi gharama ya uamuzi wake yenyewe, na jambo hili linaniuma kwa sababu niliona wenzangu wazuri wakiacha wakiwa wamebakiza tasnifu peke yake.

Maabara ya kompyuta ilikuwa na Stata, programu ya kuchambua takwimu, kwenye mashine chache. Jifunze R, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, mapema. Ni ya bure na inaingia kwenye kompyuta yako.

Kitu kingine cha kuulizia ni AERC, muungano wa utafiti wa uchumi Afrika ulioanzishwa mwaka 1988, wenye makao makuu hapahapa Nairobi. Mpango wao wa pamoja wa uzamili ulianza mwaka 1993 na unahusisha vyuo vya nchi kadhaa, vikishirikiana kufundisha kozi za hiari. Mimi sikuwa katika mpango huo. Ningekuwa naanza leo, lingekuwa swali langu la kwanza katika idara: mumo au hammo, na ufadhili unaombwaje?

Swali la pili ni kila msimamizi ana wanafunzi wangapi wa tasnifu kwa sasa. La tatu ni ada zote zisizo kwenye karo: mitihani, usajili, tasnifu, kuendelea baada ya muda kupita. Na kama unapanga kuhoji watu sokoni badala ya kutumia data zilizopo, uliza kuhusu kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kabla hujachagua mada. Majibu ya ofisini yasikilize, kisha tafuta mwanafunzi wa mwaka wa pili umuulize hayohayo.